Mzigo usiouagiza

Jamani, hivi ukinunua baiskeli hapa Bariadi, muuzaji akakufungia kwenye keria mzigo wa mfanyabiashara mwenzake, utakubali? Utagoma. Mbona kwenye kompyuta tunanyamaza?

Laptopu yangu, chapa siitaji, ilikuja na gemu nisizoziomba na antivirusi ya majaribio inayodai dola kila ninapowasha. Sijaandika habari hata moja, bando limeshaliwa. Mkulima wa pamba wa Simiyu akichezewa mzani tunaita wizi. Hili tuliiteje?

Halafu kuna hili la Windows 10, iliyokoma kupata marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na memori ya GB 4 au zaidi. Mashine nzima inaambiwa imezeeka! Unakimbilia kwa fundi akupigie Windows ya wizi, na pengine virusi ndani.

Mimi nasema weka Linux Mint au Ubuntu. Ni bure, ni halali, na usichokitaka unakifuta. LibreOffice ipo ya kuandikia. Tena mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, kwa hiyo msiniambie haya ni ya Wazungu.

Kuna printa zitakazogoma, na Photoshop haina toleo la Linux. Ijaribu kwanza kwenye flashi bila kufuta kitu. Ukirudi Windows, sawa, ila uwe umechagua mwenyewe, si kuchaguliwa na muuzaji.