Kasi pekee si kipimo cha mifumo ya mikopo benkini

TANGU Novemba 2012, benki ya CBA (sasa NCBA) iliposhirikiana na Safaricom kuzindua M-Shwari, uamuzi wa nani apewe mkopo mdogo na nani anyimwe umekuwa ukiondoka mikononi mwa maafisa wa benki na kuachiwa kompyuta. Mfumo huchunguza jinsi mteja anavyotumia simu na M-Pesa, humpa alama, na jibu hufika papo hapo.

Je, benki hujuaje kwamba mfumo wa aina hiyo umefaulu?

Kipimo kinachotangulizwa ni kasi. Ni kipimo hafifu, kwani hata kosa laweza kutendwa haraka. Cha pili ni kiwango cha mikopo isiyolipwa. Hiki kina uzito, ila kina kasoro. Mfumo ukimkubali asiyelipa, vitabu vya hesabu huufichua. Ukimkataa mama mboga ambaye angelipa hadi senti ya mwisho, hakuna kitakachoonekana popote, maana mkopo ambao haukutolewa hauna rekodi ya malipo. Benki yaweza basi kupunguza hasara kwa kuwafungia mlango wateja wema, na bado ikajipongeza.

Dawa yake inafahamika na wataalamu: kuwakopesha kiasi kidogo baadhi ya waliokataliwa, wakiteuliwa kwa bahati nasibu, kisha kuhesabu wangapi wamelipa. Ni gharama, naam. Aidha, afisa anapopinga jibu la kompyuta, sababu zake ziandikwe na matokeo yafuatiliwe. Pengine ni yeye aliyekosea.

Kwa upande wa waliokubaliwa, picha ilijitokeza Novemba 2022. Benki Kuu ya Kenya (CBK) ilitangaza mpango wa benki kupunguza angalau nusu ya madeni sugu ya mikopo ya simu ya siku 30 au chini yake. Madeni hayo yalikuwa takriban Sh30 bilioni, asilimia 0.8 tu ya mikopo yote ya benki, lakini wakopaji waliolengwa walizidi milioni 4.2. Janga la corona lilichangia, ila si haki kulibebesha lawama yote. Kwa mizani ya benki, hasara hiyo ilikuwa ndogo. Kwa hesabu ya watu, ilikuwa kubwa mno.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inamruhusu mteja kuomba uamuzi uliofanywa na kompyuta pekee uangaliwe upya. Benki zikitangaza kila mwaka maombi mangapi yaliwasilishwa na maamuzi mangapi yalibatilishwa, umma utakuwa na kipimo ambacho kasi haiwezi kuficha.