Uzee na Hekima: Wazee Wetu Tunawaita kwa Lipi?

Hakuna msemo unaofunga mjadala upesi kama huu: penye wazee haliharibiki neno. Ukitamkwa barazani, kijana wa miaka 25 aliyekuwa ameinua mkono huushusha taratibu. Nimeusikia nyumbani Dongobesh, nimeusikia katika vikao vya chuo, na nimeusikia vinywani mwa wanasiasa ambao mezani pao neno lilikuwa limekwisha kuharibika zamani. Leo nauchukua kama dai linalopaswa kupimwa. Je, kuzeeka kunaleta hekima? Na kama hakuleti kila mara, kunaleta lini?

Naandika nikiwa katikati. Ujana umenipa kisogo, lakini bado sijafikia miaka 60 ambayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaihesabu kuwa mlango wa uzee. Labda huu ndio umri mzuri wa kuuliza swali hili, maana jibu lake halininufaishi bado.

Wanasaikolojia wamelishughulikia kwa muda mrefu. Huko Berlin, Paul Baltes na wenzake walitumia miaka mingi kuwapa watu wa rika mbalimbali mafumbo ya maisha: rafiki anataka kujiua, binti wa miaka 15 anataka kuolewa, umshauri nini? Waligundua kwamba uwezo wa kutoa ushauri wenye busara hukua kwa kasi katika ujana wa mapema, kisha kuanzia miaka ya ishirini na kitu hadi sabini na kitu, umri peke yake hauongezi jambo kubwa. Baadaye, mwaka 2010, Igor Grossmann na wenzake walichapisha matokeo yaliyoelekea upande mwingine: Wamarekani wazee waliwazidi vijana katika kufikiri juu ya migogoro ya kijamii, hasa katika kuona upande wa pili na kukiri mipaka ya ujuzi wao. Walipopeleka swali hilohilo Japani, matokeo yao ya mwaka 2012 yakawa ya kuvutia zaidi. Vijana wa Kijapani waliwazidi vijana wa Marekani, na umri haukuleta pengo lile lililoonekana Marekani. Mimi nasoma hivi: jamii inayowafundisha watoto wake mapema namna ya kuishi na wenzao haihitaji kusubiri mvi.

Lakini mfano unaonishawishi zaidi hautoki Berlin wala Michigan. Unatoka hapahapa mkoani Manyara, na wahusika wake ni tembo. Mwaka 1993 ukame mkali ulilikumba eneo la Tarangire. Charles Foley na wenzake, waliokuwa wakiwafuatilia tembo hao, walieleza mwaka 2008 kwamba kati ya ndama 81, walikufa 16 ndani ya miezi tisa, idadi kubwa kupita kiasi kwa tembo. Vifo havikusambaa sawasawa. Koo zilizotoka hifadhini kutafuta malisho na maji kwingine zilipoteza ndama wachache. Ukoo uliobaki ndani uliumia zaidi. Watafiti walikisia kwamba majike wakubwa walioziongoza koo zilizoondoka walikuwa na umri wa kutosha kuukumbuka ukame wa 1958 hadi 1961, na kwamba ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 ulikuwa umewaondoa wakongwe wa namna hiyo katika ukoo uliobaki.

Jike yule mkongwe hakuwa na akili kali kuliko wenzake, wala hakuheshimiwa kwa ukubwa wa mwili tu. Alikuwa amebeba kumbukumbu ya jambo linalotokea mara moja katika miaka thelathini, na jambo hilo lilipojirudia, kumbukumbu ikageuka kuwa uhai wa ndama. Hapo ndipo uzee unapolipa: katika mambo ya nadra yanayorudi. Katika mambo mapya kabisa, mkongwe na kijana wanaanza mstari mmoja, na pengine mkongwe yuko nyuma kidogo kwa sababu anadhani ameshaiona njia.

Nirudi kwa watu. Wairaqw, ambao wengi mnatuita Wambulu, hatukuwa na machifu kabla ya serikali za kikoloni kutuwekea. Mambo ya eneo, yaani aya, yaliamuliwa na kikao cha wazee, na miongoni mwao alikuwapo kahamusmo. Cheo hicho kinafafanuliwa vizuri zaidi kwa neno msemaji kuliko mtawala. Kikao kilipofunguliwa au kufungwa, mzee alitoa slufay, dua ndefu ya kuomba mvua, uzazi na amani, na waliokaa waliitikia. Wanafunzi wangu wanaoisoma slufay kama fasihi huvutiwa na maneno ya mzee. Mimi huwaelekeza kwenye kiitikio. Mzee asiyeitikiwa hana slufay, ana kelele. Hekima ilikuwa kati yake na kikao, na kikao kilikuwa na namna ya kumwonyesha mzee kwamba leo hakusema.

(Kikao hicho kilikuwa cha wanaume. Najua, na nitafika huko.)

Wananchi wa Mbulu walionyesha mwaka 1960 kwamba wanajua kutofautisha hadhi na uamuzi wao. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria mwaka huo, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichoiponyoka kilikuwa cha Mbulu. Chama kilikuwa kimemsimamisha Chifu Amri Dodo. Wapigakura wakamchagua Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyegombea kama mgombea binafsi. Sisemi kwamba Chifu Amri hakuwa na hekima. Nasema kwamba wimbi la TANU lilikuwa kubwa nchi nzima, hadhi ya uchifu ilikuwapo, na bado watu walijipa ruhusa ya kuamua wenyewe. Kila ninapoambiwa kwamba utamaduni wetu ni kutii mkubwa bila kuuliza, huukumbuka uchaguzi huo.

Tena, kizazi kilicholeta uhuru hakikuwa cha wazee. Mwalimu Nyerere alipokwenda Umoja wa Mataifa Machi 1955 alikuwa na miaka 32. Rashidi Kawawa alikuwa Waziri Mkuu akiwa na miaka 35, Edward Sokoine akiwa na 38. Ila wakati wa TANU lilikuwapo Baraza la Wazee jijini Dar es Salaam lililomkubali yule mwalimu kijana kutoka Butiama na kumfungulia milango ya mji ambayo shahada yake ya Edinburgh isingeifungua. Wazee hao hawakuongoza mbele, walidhamini. Kazi hiyo naiheshimu sana, na naiona ikipotea.

Tazama ilivyogeuka. Mei 2010, wafanyakazi wakiwa wametangaza mgomo kupitia TUCTA, Rais Kikwete alizungumza na wazee wa Dar es Salaam. Machi 2012, kukiwa na mgomo wa madaktari, alikutana nao tena. Viongozi wengine wamefanya vivyo hivyo kabla na baada. Wazee wanajaza ukumbi, wanapiga makofi, hotuba inarushwa hewani, na aliyekusudiwa ni mfanyakazi au daktari ambaye hayumo ukumbini. Katika mpangilio huo, mzee hashauri. Anasikiliza kwa niaba ya taifa. Umri wake unatumiwa kama kapeti. Sijui ni mara ngapi mzee mmoja alisimama akamwambia mkuu wa nchi, mwanangu, hapo umekosea. Ninachojua ni kwamba mpangilio wenyewe haukumwachia nafasi ya kusema hivyo.

Sasa nifike kwa wanawake, kwa maana hapa ndipo msemo wetu unapovuliwa nguo. Kama kweli tunaamini kuwa umri ni hekima, basi bibi wa miaka 75 angekuwa hazina kama babu wa miaka 75. Katika Usukumani, kwa miongo kadhaa, wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wakishukiwa hata kwa wekundu wa macho yaliyochomwa na moshi wa miaka hamsini ya kuwapikia watu haohao. Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wanaume nao wameuawa kwa tuhuma hizohizo, na mara nyingi nyuma ya neno uchawi kuna shamba ambalo warithi wamechoka kulisubiri. Jamii inayoimba sifa za uzee mchana na kuwinda wazee usiku haiheshimu hekima. Inaheshimu mwenye mali, na mali ikianza kutamanika, heshima inakwisha.

Ardhi ndiyo inayonifanya niandike haya leo. Dongobesh, kama sehemu kubwa ya Mbulu, ilipokea watu walioshuka kutoka nyanda za Irqwa Da'aw mashamba yalipowabana huko juu. Sasa hata huku chini pamebana. Mipaka mingi haina jiwe wala ramani. Ina minyaa, mti uleule unaosemekana kulipa ziwa na mkoa wetu jina, na ina kumbukumbu za wazee. Niliwahi kukaa pembeni ya kikao kimoja cha mgogoro wa mpaka. Wazee wawili walizungumza kwa ufasaha mkubwa juu ya ukoo, nani alimzaa nani, na nani alimkaribisha nani. Kisha mama mmoja mkongwe, ambaye hakuwa ameitwa kama shahidi, akasema kwamba korongo lilihama wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, na kwamba mashina ya minyaa ya zamani yangekuwa ng'ambo ya pili. Vijana wakaenda kuchimba. Mashina yalikuwapo. Mgogoro haukuisha siku ile, maana upande mmoja uliendelea na safari ya kwenda wilayani, lakini tofauti ya ushahidi ilionekana kwa kila mtu. Wazee wale wawili walisema mambo yaliyotaka kuaminiwa. Mama yule alisema jambo lililoweza kukaguliwa.

Na tukumbuke kwamba mama huyohuyo, lingekuja suala la mirathi, huenda asingesikilizwa kabisa. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, lililotumika katika wilaya nyingi, liliziandika kanuni za urithi zinazomweka binti daraja la mwisho na kumwacha mjane mikononi mwa watoto wake. Kilichokuwa kauli za wazee wa wakati fulani kikawa maandishi ya serikali, na kikao kilichoweza kuitikia au kunyamaza kikaondolewa. Mwaka 1990, katika shauri la Holaria Pastory, mwanamke mzee wa Kagera aliyeuza shamba alilorithi, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kumzuia kwa sababu ni mwanamke ni ubaguzi unaopingana na Katiba. Nani alikuwa mlinzi wa hekima pale: ukoo uliodai shamba kwa jina la wahenga, au bibi yule aliyelijua shamba lake?

Nalileta hili kwenu watumishi wa umma na wanaharakati kwa sababu sheria imebadilika na wengi hawajaona maana yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na watu saba, watatu kati yao wanawake, wanaojulikana kwa uadilifu na ujuzi wa sheria za mila za ardhi. Haikudai mvi. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, halihukumu tena migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na shauri haliendi baraza la wilaya mpaka usuluhishi ushindikane au siku 30 zipite. Wapo wanaolalamika kwamba wazee wamenyang'anywa meno. Mimi naona wamerudishiwa kazi yao ya asili. Msuluhishi hana nguvu ya kuamuru. Ana neno lake tu, na neno hilo litasimama au kuanguka kwa kuitikiwa.

Ila usuluhishi wa siku 30 unahitaji kumbukumbu iliyo tayari, na kumbukumbu hiyo inazikwa kila mwezi. Katika kata nyingi muhtasari wa kikao ukiandikwa hauonyeshi mzee alijuaje alichokisema: alikuwapo, aliambiwa, au anakisia? Vijana mtakaorudi Dongobesh, Haydom, Katesh au kwingineko likizo hii, chukueni daftari. Mkamsalimie aako na bibi, msiwaulize wanaonaje kuhusu vijana wa siku hizi, maana jibu mnalijua. Waulizeni korongo lilipita wapi mwaka gani. Baada ya tope lililoshuka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 na kuua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani, swali hilo si la historia tu. Waulizeni tofauti, babu peke yake na bibi peke yake, kisha mwandike pale wanapopingana. Nakala moja ibaki kwa ofisa mtendaji wa kijiji, na moja ibaki nyumbani.