Germaniumu ya terili: nani atasoma mpaka mwisho?

Kila mutu wa Lubumbashi anajua terili. Ule mulima mweusi ni mabaki ya shaba iliyoanza kuyeyushwa hapa katika 1911, wakati wa Union Minière. Tulizania ni takataka. Kumbe ndani mulibaki germaniumu, iliyokuja na mawe ya Kipushi.

Oktoba 2024, STL, kampuni ya Gécamines, ilituma germaniumu yake ya kwanza inje ya inchi. Mununuzi ni Umicore ya Ubelgiji. Na Umicore njo ileile Union Minière, iliyobadilisha jina katika 2001.

Juu ya nini safari ya jiwe haiishi hapa kwetu? Jibu haliko tu ndani ya udongo. Liko ndani ya masomo.

Tuchukue mutoto wa muchimbaji anayesoma metalirji ku Iniversite ya Lubumbashi. Kutoa metali ndani ya mabaki kwa asidi, anaweza kujifunza karibu na nyumbani. Kisha njia inakuwa nyembamba. Germaniumu ya satelaiti inapaswa kuwa safi sana. Halafu inakatwa vipande vyembamba, na juu yake wanapanga tabaka zinazopimwa kwa nanometa. Gawa milimeta moja mara milioni: kipande kimoja njo nanometa. Kazi hiyo inaomba chumba bila vumbi, mikroskopu ya elektroni na umeme usiokatika. Kwa hiyo mutoto anaenda Ulaya ao Asia, miaka mine ao zaidi. Akirudi na doktora na labo hakuna, atafanya nini? Atarudia kulekule, sawa na jiwe.

Lakini saa hii tuko na nguvu. Tangu Agosti 2023, China inaomba ruhusa kwa kila germaniumu inayotoka kwake; Desemba 2024 ikakataza kuiuzia Marekani. Bei ilipanda. Mununuzi akiwa na njaa, njo wakati wa kupatana. Wakubwa wetu wasiombe franga peke yake. Waandike ndani ya mikataba: nafasi za watoto wetu katika labo za mununuzi, na labo moja hapa, yenye kazi ya kuwangojea.

Na sisi wazazi tuko na sehemu yetu. Binti akipenda fiziki na shimi, tusimutoe ku masomo aende kusafisha mawe. Mawe yatamungoja, masomo hayangoje.