Kipimo cha Ardhi na Haki ya Mrithi

 

Ndugu msomaji, tunaposoma Suratul-Mutaffifin, mawazo yetu hukimbilia sokoni, kwenye mizani na vibaba. Ni wachache tunaokumbuka kuwa ardhi nayo hupimwa, na kwamba mtu anaweza kupunjwa shamba bila ya yeyote kukusudia, kwa sababu tu waliopima hawakujua tabia ya eneo.

Tabia yenyewe ni hii. Mita moja ina sentimita 100. Wengi hudhani basi kwamba mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 100. Sivyo. Mraba una urefu na upana, na kila upande una sentimita 100. Kwa hiyo ndani yake mna 100 mara 100, yaani sentimita za mraba 10,000. Kipimo kinapobadilika, badiliko huingia mara mbili: mara moja katika urefu na mara ya pili katika upana.

Tuchukue mfano wa kiwanja cha mita 20 kwa 30, ambacho eneo lake ni mita za mraba 600. Mnunuzi anataka kulipa kwa futi ya mraba. Mwenye kiwanja anajua kuwa mita moja ni kama futi 3.28, basi anazidisha 600 kwa 3.28 na kupata 1,968. Hesabu hiyo imembadilishia upande mmoja tu. Mita moja ya mraba ina futi za mraba 10.76 hivi, na kiwanja chake kina futi za mraba zipatazo 6,458. Akiuza kwa hesabu ya kwanza, zaidi ya theluthi mbili ya mali yake imekwenda bure.

Mashambani nako jambo ni lile lile. Tumezoea kusema ekari ni hatua 70 kwa 70. Hatua ikiwa ni yadi moja, kila upande ni mita 64, na eneo ni karibu mita za mraba 4,097, ambazo zinakaribia sana ekari halisi ya mita za mraba 4,047. Lakini anayepima mita 70 kwa 70 anapata mita za mraba 4,900. Na mwenye hatua fupi ya sentimita 75 anapata 2,756 tu. Wote watatu watasema wamepima ekari moja! Basi ndugu wawili wakigawiwa ekari moja moja, mmoja kwa miguu ya mzee na mwingine kwa futikamba, hawakupewa sawa.

Sasa tutazame mirathi. Mtu amefariki, na baada ya madeni kulipwa, warithi wake ni binti mmoja na ndugu mmoja wa kiume wa baba na mama. Fungu la binti ni nusu, kama ilivyobainishwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 11, na nusu iliyobaki inakwenda kwa ami yake. Shamba ni mita 70 kwa 70. Ami anasema, "Nusu ya 70 ni 35," kisha anamkatia binti 35 kwa 35. Hizo ni mita za mraba 1,225, nazo ni robo ya shamba. Haki yake ni 35 kwa 70, yaani 2,450. Yatima huyu amepoteza nusu ya haki yake, na huenda ami yake analala usingizi akidhani ametekeleza amri ya Mola wake.

Tusilichukulie jambo hili kwa wepesi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametuonya juu ya mwenye kudhulumu ardhi hata kiasi cha shubiri, na adhabu yake ni nzito.

Basi wazazi, wasimamizi wa mirathi na vijana mnaosoma hesabu shuleni, shikeni mambo matatu. Pimeni pande zote kwa kipimo kimoja na kwa chombo kimoja, wala si kwa hatua za watu mbalimbali. Mkitaka kubadili kipimo, badilini urefu na upana kwanza, kisha ndipo mzidishe. Na mnapogawa, gaweni eneo. Pande zifuate baadaye. Thumni ya mjane itabaki thumni, iwe kwa futi au kwa mita, maadamu eneo zima limehesabiwa sawasawa.

Mwenye mtoto aliye darasa la sita, na amwite leo aihesabu nyumba yao kwa mita, kisha kwa futi. Huenda siku moja akasimama kati ya ndugu zake akawaepusha na dhuluma.