Kipande Kinacholiwa Ili Motere Ipone



Juma hili tunaongea juu ya motere ya mashua. Wengine watasema hiyo ni kazi ya wababa. Lakini franga za kununua motere zinatoka katika mfuko wa kikundi, na mchele unaopanda mashua Kindu kwenda Ubundu ni jasho letu. Basi tujue kinachokula motere chini ya maji.

Motere ya kufunga nyuma, sehemu yake ya chini ni alminiumu, lakini mhimili unaoshika elisi ni chuma kigumu. Vyuma viwili vya namna tofauti vikigusana ndani ya maji, umeme kidogo unapita kati yao, na kile kilicho zaifu kinaliwa. Kila mama ameona pile ya tochi iliyosahauliwa: inatoboka na kutoa maji, kwa sababu zinki ya nje imeliwa. Motere inaharibika kwa njia hiyo hiyo.

Njia ya kwanza ya kuilinda ni kufunika. Katika mwezi wa Julai 1916, Wajerumani walizamisha meli yao Graf von Goetzen katika Ziwa Tanganyika, karibu na mdomo wa mto Malagarasi, ili adui wasiichukue. Mbele ya kuizamisha, mafundi walipaka injini grese nzito. Waingereza waliitoa chini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Grese ilikuwa imezuia maji na hewa.

Lakini meli ile ililala chini bila kutembea. Mashua zetu zinagusa mchanga na mawe ya Lualaba kila safari. Rangi inakwanguka, na pale palipokwanguka ndipo kuliwa kunaanza.

Kwa hiyo kuna njia ya pili: kutoa kipande kingine kiliwe. Mwaka 1824, Mwingereza Humphry Davy alionyesha kwamba shaba iliyofunika chini ya meli inapona ikifungiwa kipande cha zinki ao cha chuma. Kipande kinaliwa, shaba inabaki. Hata leo motere nyingi zinatoka kiwandani na kipande kama hicho, karibu na elisi. Zile za kununua kwa mkono wa pili, mara nyingi kimekwisha ao kimetolewa.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo franga zinapotea. Vipande si sawa. Cha zinki ni cha bahari. Katika maji ya mto, yasiyo na chumvi, zinki inavaa gamba na kuacha kufanya kazi, hata kama macho yanaona kipande kizima. Cha mto ni cha magneziamu. Cha alminiumu kinaweza kufanya kazi kwa maji yote mawili. Maji ya mto hayali haraka kama ya bahari, lakini yanakula.

Kwa hiyo mbele ya kulipa, muulizeni fundi kwa heshima: «Papa fundi, kipande hiki ni cha zinki ao cha magneziamu?» Kisha angalieni mambo haya:

– Kisipakwe rangi hata kidogo. Kikipakwa, hakifanyi kazi.
– Pale kinapofungwa, chuma kikwanguliwe mpaka king’ae, na bulo ikazwe sana.
– Nusu ikiisha kuliwa, kibadilishwe. Msingoje kiishe.
– Kikikaa miezi mingi bila kuliwa hata kidogo, msifurahi. Pengine hakigusi chuma vizuri.
– Waya wa shaba usitumiwe kufunga kitu chini ya motere. Shaba inafanya alminiumu iliwe upesi.
– Mashua ikifika kivukoni, motere iinuliwe itoke majini.

Elisi ikikatika katikati ya mto, mashua iliyojaa watu na mizigo inachukuliwa na maji. Kwa hiyo hii si hesabu ya franga peke yake.

Katika mkutano ujao, mtunza feza afungue ukurasa mmoja katika daftari: tarehe kipande kilipofungwa, ni cha namna gani, na nani atakiangalia kila mwezi. Jina la mama mmoja liandikwe pale. Kazi ya watu wote, mara nyingi haina mwenyewe.