Tufunze kuelewa kwanza, kuiga baadaye

Imani imezuka miongoni mwa vijana wetu kwamba anayetaka kuonekana hodari wa Kiingereza sharti akariri orodha ndefu ya vitenzi vya maneno mawili. Hivi ni vile ambavyo kitenzi chepesi kama "put" au "turn" huandamana na kijineno kama "off", "up" au "down", na maana inayozaliwa haipatikani katika neno la kwanza wala la pili. Orodha hizo husambazwa kwa simu, hubandikwa kutani darasani, na mwanafunzi huahidiwa kwamba akizimeza atazungumza kama mzaliwa wa London.

Vitenzi hivi vyafaa kufunzwa, wala hilo halina ubishi. Swali ni kwamba vifunzwe kwa lengo gani, na vianzie wapi.

Tuitazame Turkana, ambako jambo hili si pambo la mazungumzo. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo Kakuma pamoja na makazi jirani ya Kalobeyei huhifadhi watu wapatao 300,000, na shule zake hufuata mtaala wa Kenya, ambao hufunza masomo mengi kwa Kiingereza. Mwaka 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi. Kwa hiyo njia ya elimu, kama vile nafasi za chuo kikuu nchini Kanada zinazotolewa kupitia shirika la WUSC, imezidi kuwa na thamani machoni pa vijana. Mjini Lodwar, takriban kilomita 120 kutoka hapo, kijana wa Kiturkana naye anautazama mtihani wa KCSE, ambao hauachi kuuliza vitenzi hivi.

Sasa tuchukue mfano. Tangazo limebandikwa langoni kwamba usaili umekuwa "put off". Mwanafunzi aliyefunzwa kwamba "put" ni kuweka na "off" ni kuzima hataona popote kwamba usaili umeahirishwa. Atatembea kwa miguu juani asubuhi na mapema, akute mlango umefungwa. Mwenzake akiandikiwa kwamba ombi lake limekuwa "turned down" huenda akangojea majibu mwezi mzima, ilhali amekwisha kukataliwa. Hasara ya vijana hawa haitokani na matamshi yao. Inatokana na kutoelewa walichoandikiwa.

Aghalabu walimu hudhani kwamba dawa ni kuongeza orodha. Mwaka 2007 watafiti Dee Gardner na Mark Davies walichunguza mkusanyiko wa maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza. Waligundua kwamba vitenzi 20 tu, vikiungana na vijineno vinane, hutoa zaidi ya nusu ya vitenzi vyote vya namna hii vilivyomo. Hiyo ni habari njema kwa mwanafunzi. Lakini waligundua pia kwamba vile 100 vinavyotumiwa zaidi vina wastani wa maana zaidi ya tano kila kimoja. Ndege "takes off" inapopaa, na mtu "takes off" koti analolivua. Orodha inayotoa maana moja kwa kila kitenzi humdanganya anayeikariri.

Je, tuanzie wapi? Tuanzie kwa lugha ambazo mtoto amekuja nazo darasani. Msomali husema "soo noqo" akimwita mtu arudi huku, na "sii soco" akimhimiza aendelee na safari yake. "Soo" huleta tendo kwa msemaji, "sii" hulipeleka mbali naye. Kiturkana nacho hubadilisha umbo la kitenzi kuonyesha kama tendo laja au laenda. Na sisi wasemaji wa Kiswahili tunapiga kura, tunapiga pasi, tunapiga simu na tunapiga mbizi, bila ya kumjeruhi mtu yeyote. Mwanafunzi akionyeshwa hayo hatauona ujanja wa Waingereza kuwa muujiza. Atajua kwamba jambo hilo limo kinywani mwake tangu utotoni, na kilichobaki ni kujifunza mavazi yake mapya.

Kuna pia wale waliotoka Kongo na Burundi wakiwa wamesoma kwa Kifaransa. Kwao "tolerate" na "continue" ni maneno ya jirani, kwa kuwa Kifaransa kina "tolérer" na "continuer". Vigumu kwao ni "put up with" na "carry on", ambavyo Mwingereza huvihesabu kuwa maneno ya watoto. Mwalimu asiyelijua hilo atamwona mwanafunzi mwerevu kuwa mzito.

Mzigo huu usiwe wa mwanafunzi peke yake. Afisa anayeandika tangazo la kusomwa na watu wa mataifa mengi aandike "postponed", atoe tarehe mpya, na chini yake aweke tafsiri ya Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi sawa na Kiingereza, na Mkongo na Mrundi wengi huisoma bila ya taabu.

Walimu nao wafunze vitenzi vichache kwa wiki, wavitoe katika matangazo, fomu na habari za redio, na wamwulize mwanafunzi ameelewa nini kabla ya kumtaka aviseme. Wamweleze pia kwamba katika barua rasmi ya kuomba nafasi ya masomo, kitenzi kimoja kilicho wazi mara nyingi hufaa kuliko viwili vya mitaani.

Anayetafuta kusikika kama mgeni, akaongea kwa pua na kurusha "get by" na "hang on" kila sentensi, huenda akapigiwa makofi na wenzake. Lakini aliyelisoma tangazo akalielewa ndiye atakayefika kwenye usaili siku iliyowekwa. Wahenga walisema debe shinda haliachi kutika. Kazi ya mwalimu wa Lodwar na wa Kakuma ni kulijaza debe hilo, na mlio wake utakuja kutulia wenyewe.