Kuku wa Uani na Kuku wa Ubaoni

Miongoni mwa vitu vinavyojirudia katika mazoezi ya kufundisha ya wanachuo wetu ni picha ya kuku. Huchorwa kwenye karatasi ya manila akitazama kushoto, upanga wake mwekundu, miguu yake ya njano, na pembeni mishale inayotaja mdomo, bawa, mkia na kucha. Hubandikwa ubaoni, wanafunzi huyasoma majina kwa sauti, kisha huyanakili daftarini. Wakati huo huo, nje ya dirisha la darasa, kuku watano au sita wa nyumba ya mwalimu huwa wanachakura majani makavu chini ya mwembe, wala hapana anayewageukia. Kwa maoni yangu hilo ni kosa la mbinu, tena si dogo, na lawama yake haiwaangukii wanachuo peke yao. Sisi wakufunzi ndio tunaoipa manila alama.

Hoja yangu ni kwamba kundi dogo la kuku wanaofugwa nyuma ya nyumba, wanaojulikana mmoja mmoja, ni zana bora ya kufundishia sayansi na hisabati kuliko picha, na bora hata kuliko banda kubwa la mradi wa shule. Vyuo vya ualimu havina budi kuwafunza wanachuo namna ya kuitumia, na kuwapima kwayo.

Msomaji atasema kwamba jambo hili si jipya, kwani tangu mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipotoa waraka wake juu ya Elimu ya Kujitegemea, shule zetu zimefuga kuku. Ni kweli. Lakini waraka ule ulitaka kazi ya shambani iwe sehemu ya masomo yenyewe. Yaliyotokea mahali pengi ni kwamba mradi ulibaki mradi na somo likabaki somo. Banda lilisafishwa wakati wa kazi za mikono, aghalabu na wale waliochelewa namba. Mayai yalihesabiwa na mwalimu wa zamu. Daftari la mapato likafungiwa ofisini. Mwanafunzi aliyebeba ndoo ya maji bandani asubuhi hakuulizwa swali hata moja juu ya kuku ilipofika saa ya sayansi. Isitoshe, kuku wa nyama mia mbili wa umri mmoja na rangi moja, wanaouzwa baada ya wiki sita hivi, hawana mengi ya kumwonyesha mtoto. Hapo hapana koo anayeatamia wala jogoo anayewika, na kuku mwenyewe huondoka kabla hajataga yai lolote. Sikatai mradi huo. Unaleta chaki na mipira. Nasema tu kwamba tusiuhesabu kuwa ni ufundishaji.

Sasa tulitazame kundi la uani. Nyumbani kwangu, kwenye nyumba za wakufunzi, tunao kuku tisa: jogoo mmoja, koo watano, na mapora watatu ambao siku zao si nyingi. Watoto wamewapa wote majina. Koo mmoja mweusi anaitwa Mkaguzi, kwa kuwa huingia kila mlango bila hodi. Mwingine, asiye na manyoya shingoni, anaitwa Kishingo tu, kama kuku wa aina hiyo wanavyoitwa kote. Wapo watu wazima wanaoona kumpa kuku jina ni upuuzi wa kitoto. Mimi naona ndio mwanzo wa sayansi. Kuku asiyetofautishwa na mwenzake hawezi kuwekewa kumbukumbu, na pasipo kumbukumbu mtoto hubaki kusema “kuku hutaga mayai”, jambo alilolijua kabla hajaanza shule. Mwenye majina huweza kusema kwamba Mkaguzi alitaga siku kumi na moja katika kumi na tano, na kwamba Kishingo aliacha kutaga Jumanne akaanza kuatamia Alhamisi.

Asubuhi mlango wa banda ukifunguliwa na pumba ikimwagwa, Mkaguzi hula kwanza. Atakayemkaribia hudonolewa kichwani. Huyo aliyedonolewa humgeukia wa tatu, wa tatu humgeukia wa nne, na yuko mmoja ambaye hudonolewa na wote wala hamdonoi yeyote. Mpe mtoto wa darasa la tano karatasi yenye majina ya koo watano, mwambie aandike nani amemdonoa nani. Atagundua kwanza kwamba koo watano hufanya jozi kumi, yaani tano mara nne, gawanya kwa mbili. Baada ya asubuhi chache atagundua kwamba katika kila jozi mshindi huwa karibu daima ni yule yule. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyewatazama kuku kwa namna hiyo tangu utotoni, alichapisha maelezo ya utaratibu huu mwaka 1922, na wataalamu wa tabia za wanyama wameyajenga mengi juu yake tangu hapo. Chombo chake kikubwa kilikuwa macho na daftari.

Ninalitaja hilo kwa sababu wapo wenzetu wanaodhani kwamba kutazama kuku si sayansi hasa, na kwamba sayansi huanza pale palipo na maabara. Mwaka 1889, katika mji wa Batavia ambao leo ni Jakarta, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliona kuku wa hospitali ya kijeshi wakipepesuka kwa ugonjwa uliofanana na beriberi ya binadamu. Baada ya miezi kadhaa wakapona ghafla. Alipochunguza, alikuta kwamba walikuwa wakilishwa makombo ya wali mweupe wa hospitali, mpaka alipokuja mpishi mwingine aliyekataa wali wa jeshi uliwe na kuku wa kiraia. Kuku wakarudia mchele usiokobolewa, nao wakapata nafuu. Eijkman mwenyewe alidhani kwanza kwamba wali mweupe una sumu. Ni mwenzake Gerrit Grijns aliyeeleza mwaka 1901 kwamba kinachodhuru ni kukosekana kwa kitu kilichomo katika ganda la punje. Leo kitu hicho tunakiita vitamini B1, na mwaka 1929 Eijkman alikuwa mmoja wa wawili waliopewa Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyofungua njia ya vitamini. Sijui kisa kinachofaa zaidi kwa wanachuo wanaofundisha lishe katika nchi ambayo watoto hubishana kila siku juu ya sembe na dona. Kina kuku, kina mpishi mkorofi, na kina maelezo ya kwanza yaliyokosewa yakasahihishwa na mwingine.

Lakini lililo zito kuliko yote ni kuatamia. Siku ishirini na moja ni muda unaomfaa mwalimu kana kwamba ulipangwa pamoja na azimio la kazi: ni mrefu kiasi cha kuhitaji kumbukumbu, tena ni mfupi kiasi kwamba mtoto hakati tamaa. Weka alama ya penseli upande mmoja wa kila yai, wanafunzi waone kila siku kama alama ipo juu au chini. Wataona wenyewe kwamba koo huyageuza mayai yake. Usiku wa saba, koo akiwa ametulia, mayai mawili matatu yamulikwe kwa tochi kupitia tundu la kipande cha boksi. Lenye uhai litaonyesha mishipa myembamba ya damu iliyotanda kama miguu ya buibui, na lisilo na mbegu litapenya mwanga tupu. Mayai yarudishwe mara moja, kwa mikono safi. Mwenye mizani nyepesi ayapime tangu siku ya kwanza, maana yai hupungua uzito kadiri maji yanavyovukiza kupitia vitundu vya ganda, na kile chumba cha hewa kwenye ncha butu huzidi kukua. Mwalimu aulize ni kwa nini kabla ya kueleza. Majibu nitakayosikia mimi nikiwa nimeketi nyuma ya darasa, hata yaliyo kombo, yatanifurahisha kuliko orodha ya sehemu za yai iliyokaririwa.

Katika msimu wa mvua uliopita, Kishingo aliatamia mayai kumi na mawili. Moja lilikuwa viza, mawili vifaranga walifia ndani, tisa wakatoka. Mwewe alichukua wawili, mvua ikamwua mmoja, na baada ya wiki nne walibaki sita. Hapo zipo robo tatu, nusu na asilimia, tena si za machungwa ya Juma na Asha ambayo hayakuwahi kuwapo. Baadhi ya vifaranga walitoka na shingo tupu kama mama yao, wakiwa na kishada kidogo cha manyoya mbele ya shingo, na wengine wakavaa manyoya kamili kama jogoo. Kishada hicho ni dalili ya kuku aliyerithi hali hiyo kwa mzazi mmoja tu. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huwa karibu hana unyoya shingoni. Tunafundisha urithi kwa njegere za Mendel ambazo wanafunzi wengi hawajaziona zikichanua, ilhali William Bateson alionyesha mwaka 1902 kwamba kanuni hizo hizo zinafanya kazi kwa panga za kuku.

Juu ya kideri nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kila mfugaji anakijua. Kikiingia katika kundi lisilochanjwa huweza kulimaliza karibu lote kwa siku chache. Chanjo ya tone moja jichoni, ikirudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, huzuia maafa hayo, na ratiba yake ni somo zuri la kalenda. Wanafunzi wasiguse kuku mgonjwa wala mzoga, na wanawe mikono kwa sabuni kila watokapo bandani.

Wanachuo huniuliza swali moja kuliko mengine yote: itakuwaje mtoto akimpenda kuku, kisha kuku huyo achinjwe? Swali hili si la kudharauliwa, na mwalimu asilikimbie kwa kusema kuku ni chakula tu. Watoto wetu wanaishi na jambo hili. Wageni hufika, mama husema pora yule mwekundu ndiye atakayewafaa, na jioni kuna mchuzi. Kwangu, mtoto wa miaka tisa alikataa nyama usiku mmoja wa namna hiyo, wala hapana aliyemgombeza. Kesho yake alitaka kujua kwa nini firigisi ilikutwa na changarawe, tukazungumza juu ya ndege asiye na meno anavyosaga chakula chake. Huzuni yake na swali lake vilitoka mahali pamoja, yaani kumjua yule kuku. Mwalimu atakayetaka swali akikataa huzuni hatapata lolote kati ya hayo mawili.

Liko pingamizi la wingi wa wanafunzi. Darasa la watoto themanini haliwezi kuzunguka kiota kimoja, na koo atahama. Basi lisizunguke. Kundi la watoto wanane liende kwa dakika kumi, lilete taarifa, na darasa zima lifanye kazi juu ya taarifa hiyo. Wiki ifuatayo waende wengine. Kwa sababu hiyo siafikiani na wale wanaomleta kuku darasani amefungwa miguu na kulazwa mezani. Kuku aliyetishika hafundishi ila hofu, na watoto wa nyuma hawamwoni.

Pingamizi gumu zaidi limo katika fomu zetu za tathmini. Mwaka jana mwanachuo mmoja katika shule ya vijijini alilitoa darasa nje kwa makundi kumtazama koo mwenye vifaranga: jinsi anavyotoa mlio mmoja ndege akipita angani na mlio mwingine paka akinyemelea ardhini, na vifaranga wanavyoitikia. Watoto waliandika walichokisikia, wakabishana, wakarudi kusikiliza tena. Mtahini aliyemtembelea alimpa alama ya chini katika kipengele cha zana, kwa maelezo kwamba hakuna zana iliyoonyeshwa ubaoni. Mwanachuo huyo alijifunza somo, na naogopa ni kurudi kwenye manila.

Napendekeza kwa wakufunzi wenzangu kwamba kipengele hicho kisomwe upya, na daftari la kumbukumbu la wiki nne au zaidi, lililoandikwa na wanafunzi juu ya kundi moja la kuku wenye majina, lihesabiwe kuwa zana kamili. Wanachuo wa kikundi changu watakwenda na daftari hilo katika mazoezi yajayo. Walio vijijini hawatapata taabu. Waliopangwa mjini waombe ruhusa kwa jirani mwenye kuku, na wakimkosa kabisa watumie njiwa wa paa la shule, mradi wakumbuke kubadili hesabu, maana yai la njiwa huanguliwa kwa siku 17 au 18 hivi, wala si 21.